Kujenga Misuli ni Kazi ya Miezi, Si ya Wiki

Kijana wa Tulia anayeanza kunyanyua uzani leo atajitazama kwenye kioo baada ya wiki mbili asione tofauti yoyote. Wengi huacha hapo. Wengine hutafuta njia ya mkato, na wauzaji wa vidonge na sindano huwa wako tayari kuwapokea. Ni vyema kila mkazi anayepanga kuanza mazoezi ajue mapema misuli hukua vipi, huchukua muda gani, na ni mambo gani yanayoweza kumletea madhara.

Nguvu hutangulia, unene hufuata

Katika wiki za kwanza, kinachobadilika zaidi ni mawasiliano kati ya ubongo na misuli. Neva hujifunza kuziamuru nyuzi nyingi zaidi za misuli zifanye kazi kwa pamoja. Ndiyo maana mtu aliyeweza kupiga pushapu 5 tu anaweza kufikisha 12 baada ya mwezi mmoja, ilhali shati lake bado linamtosha vilevile. Kwa wengi, unene wa misuli huanza kuonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12, mradi mazoezi hayakukatizwa.

Zoezi zito huipa misuli ishara ya kujijenga, lakini ujenzi wenyewe hufanyika mtu anapopumzika, anapokula na anapolala. Kwa sababu hiyo, misuli iliyofanyishwa kazi nzito Jumatatu inafaa kupumzishwa hadi Jumatano. Anayerudia zoezi lilelile kila siku akidhani anaharakisha mambo huishia kuchoka na kuumia.

Mtungi wa lita 20 unatosha kuanzia

Mwili hubadilika unapodaiwa zaidi kidogo ya ulivyozoea. Mwaka wa 1945, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha maelezo ya jinsi alivyowatibu wanajeshi waliojeruhiwa kwa kuwaongezea uzani hatua kwa hatua. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo katika kumbi za mazoezi na katika vyumba vya tibamaungo hospitalini.

Asiye na vyuma anaweza kuifuata nyumbani. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja, kwa hivyo mtungi wa lita 20 ni mzani tosha. Anayeanza anaweza kutia lita 5, aunyanyue mara 8 hadi 12, apumzike dakika mbili, kisha arudie mara mbili zaidi. Akiona amefikisha mara 12 katika mizunguko yote bila kuyumba, wiki inayofuata anaongeza lita moja. Maji hayapotei, kwani baadaye hutumika jikoni au kwa mifugo. Kuchuchumaa na kusimama, pushapu, na kuvuta mwili juu kwenye tawi imara hukamilisha kazi ya miguu, kifua na mgongo.

Ni vizuri kuandika kwenye daftari tarehe, uzani na idadi. Kioo hubadilika polepole mno na huvunja moyo, lakini daftari litaonyesha kwamba lita 5 za Januari zimekuwa 12 kufikia Machi.

Mfano wa Julius Yego

Mkenya Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za warushaji wa ng'ambo kwenye intaneti. Mwaka wa 2011 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo kwa mita 78.34. Mwaka wa 2013 alimaliza wa nne katika mashindano ya dunia mjini Moscow kwa mita 85.40. Mwaka wa 2015 mjini Beijing alikuwa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Hiyo ni nyongeza ya mita 14 na ushei, na ilimchukua miaka minne. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndengu kabla ya mikebe

Misuli hujengwa kwa protini. Mtu mzima mwenye afya anayefanya mazoezi ya uzani huhitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwenye kilo 60 atahitaji gramu 72 hadi 96. Gramu 100 za ndengu kavu zina takriban gramu 24, yai moja lina gramu 6, na glasi ya maziwa ina gramu 8. Muthokoi uliochanganywa na kunde au maharagwe ni chakula bora kwa kazi hii, kwa sababu kinachopungua katika mahindi hupatikana katika jamii ya kunde. Kwa wengi, unga wa protini unaouzwa kwa mikebe si lazima.

Njia ya mkato ina gharama

Dawa za pufya zenye homoni za kiume hunenepesha misuli haraka, lakini pia huweza kupandisha shinikizo la damu, kudhuru moyo na ini, kusinywaza korodani na kumfanya mwanamume asiweze kuzaa. Kwa wanawake, sauti inaweza kuwa nzito na isirudi kuwa ilivyokuwa. Sindano za kushiriki huambukiza HIV na homa ya ini. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na pufya mwaka wa 2016, na mwanamichezo anayepatikana na dawa hizo hupigwa marufuku. Aliyekwisha kuzitumia asione haya kumweleza mhudumu wa afya.

Si kwa vijana pekee

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1990 ulihusisha wazee wa miaka 86 hadi 96 waliofanya mazoezi ya uzani chini ya uangalizi. Baada ya wiki 8, nguvu za miguu yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Kwa nyanya au babu, nguvu hizo humwezesha kuinuka kitini bila kushikwa mkono, na humkinga dhidi ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

Kabla ya kuanza

Wenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au jeraha la zamani, pamoja na wajawazito, wapitie kwanza kituo cha afya kilicho karibu. Wakati wa kunyanyua, mtu asizuie pumzi. Atoe pumzi anapoinua na kuvuta anaposhusha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni dalili za kusimamisha mazoezi mara moja na kwenda hospitali bila kungoja kesho.