SAA YA HATARI HUPITA: TUMLINDE MWENZETU



Mtu akijaribu kujiua kiwandani au shambani, watu husema amelogwa, au ni mwoga, au ukoo wake una laana. Maneno hayo hayajaokoa uhai wa mtu. Afadhali tutazame waliyoyaona wataalamu.

Mwaka 1976, mjini Stockholm, Uswidi, Daktari Marie Åsberg na wenzake walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wenye huzuni kubwa. Waliona kwamba wale waliokuwa na mabaki machache ya serotonini ndio waliojaribu kujiua zaidi. Serotonini ni kemikali inayopeleka habari kati ya chembe za ubongo. Tangu hapo serikali kadhaa zimetoa fedha ili kazi hii iendelee. Wachunguzi hutazama hasa sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kupima mambo na kujizuia. Hata hivyo, mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kututajia nani atajiua.

Lakini jambo moja limejulikana. Katika saa ya hatari mawazo hubanwa. Mwenye deni, ugonjwa au ugomvi nyumbani huona mlango mmoja tu, ingawa nyumba ina milango mingi. Kwa wengi saa hiyo hupita, na aliyevushwa salama mara nyingi huendelea na maisha yake.

Hapa Kampala, Daktari Eugene Kinyanda na wenzake waliwachunguza watu waliojidhuru wakaletwa hospitali za mji. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba dawa za kuulia wadudu zilikuwa miongoni mwa njia zilizotumika sana. Dawa hizo ndizo sisi tunazozibeba katika pampu mgongoni kila msimu.

Sri Lanka, nchi ya mashamba ya chai kama yetu, ilipiga marufuku dawa kali zaidi miaka ya 1990. Kufikia mwaka 2015 vifo vya kujiua vilikuwa vimepungua kwa asilimia 70 hivi, na mavuno hayakuanguka. Huzuni haikwisha Sri Lanka. Ila sumu kali ilikuwa mbali na mkono katika saa ile mbaya.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, stoo ya dawa ifungwe kwa kufuli, na mfanyakazi asipelekewe sumu nyumbani wala kambini. Pili, cheti cha daktari wa akili kiheshimiwe kama cheti cha malaria; Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Tatu, mtu asifukuzwe kazi kwa sababu alitafuta matibabu.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Ukimwona mwenzako amejitenga, anagawa vitu vyake au anasema amekuwa mzigo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msikilize bila kumhukumu, usimwache peke yake, umwondolee sumu karibu, kisha mfuatane hadi kituo cha afya au hospitali ya Butabika. Mwambie mnyapara kwamba mwenzako ni mgonjwa, na kazi ya siku hiyo itangoja.