Fahamu: Dayethilini glaikoli ni nini, na kwa nini inaua watoto?

Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitahadharisha kuhusu dawa nne za maji zilizotengenezwa India na kukutwa Gambia, ambako watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Aprili 2024, Kenya, Tanzania na Rwanda, zikifuata tangazo la Nigeria, nazo ziliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto liondolewe madukani. Jina lililotajwa kote ni hilohilo: dayethilini glaikoli.

"Glaikoli" hutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tamu. Na kweli ni tamu, haina rangi wala harufu, hivyo mzazi hawezi kuitambua kwa kuonja. Viwandani ina kazi halali, kama kwenye mafuta ya breki.

Si tiba ya chochote. Huingia kwenye dawa pale gliserini au propilini glaikoli, vimiminika salama vya kuyeyushia dawa, vinapochafuliwa au kubadilishwa kwa dayethilini glaikoli kwa sababu bei yake ni nafuu zaidi. Ubadilishaji huo ni uhalifu, nami siuoni vingine. Kwa sumu hiyohiyo, Marekani ilipoteza watu zaidi ya 100 mwaka 1937. Sheria ya 1938 ikawalazimisha watengenezaji kuthibitisha usalama kabla ya kuuza.

Mwilini, dayethilini glaikoli huvunjwa kuwa asidi inayoharibu figo. Mtoto akinywa dawa ya maji kisha akatapika, akaumwa tumbo na mkojo ukapungua, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na chupa uibebe.