Mdogo Mtu au Wimbo? Kufasiri Ujumbe wa Kimongolia

"Duu emnelegt bn." Ujumbe huu wa simu una maneno matatu tu, na Mmongolia ausomaye hufahamu mara moja kwamba kuna mdogo mtu aliyelazwa hospitalini. Mfasiri atakiwaye kuuandika kwa Kiingereza hukwama kwenye neno la kwanza.

Sehemu ya tatizo ni hati. Tangu miaka ya 1940 Kimongolia kimeandikwa nchini Mongolia kwa herufi za Kisirili, yaani zile 33 za Kirusi pamoja na mbili za nyongeza, ө na ү. Simu za mkononi zilipoenea, wengi walizoea kuandika kwa herufi za Kilatini. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiufundi: ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160 za Kilatini, bali 70 tu iwapo umeandikwa kwa Kisirili. Maneno nayo yakafupishwa. "Baina", lenye maana ya "yupo" au "ipo", likawa "bn", na "zügeer", yaani "si neno", likawa "zgr".

Vifupisho hivyo hujirudia, na mfasiri huvizoea upesi. Kinachomtaabisha ni irabu. Kimongolia hutofautisha у na ү, lakini mwandishi mwenye haraka huziandika zote kwa u. Kwa hiyo дүү, "mdogo mtu", na дуу, "wimbo" au "sauti", huonekana sawasawa: "duu".

Mara nyingine sarufi humwokoa. Katika Kimongolia irabu za neno moja hulingana. Zile za nyuma ya kinywa hazichanganyiki na za mbele, isipokuwa i, na viambishi hufuata mzizi. Mtu akiandika "duugaa", anataja wimbo wake. Akiandika "duugee", anamtaja mdogo wake. Pasipo kiambishi hubaki muktadha, na bila shaka nyimbo hazilazwi hospitalini.

Hata hivyo neno "düü" lenyewe lina mtego mkubwa zaidi. Halisemi kama huyo mdogo ni wa kiume au wa kike, na laweza kuwa la binamu, hata la mtoto wa jirani. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani "mdogo wangu" hutumika vivyo hivyo. Ndugu mkubwa wa kiume huitwa "akh", na wa kike "egch". Kiingereza huuliza jinsia kwanza, na umri hakiuulizi kabisa. Mfasiri hulazimika kusema jambo ambalo mwandishi hakulisema, na kuliacha alilolisema. Liko neno 'sibling', lakini hilo ni la fomu na la daktari. Ni mama gani angemwandikia mwanawe hivyo?

Kitenzi nacho hakisaidii. "Irsen" yaeleza tu kwamba kuna aliyefika: mimi, wewe au yeye. Kiswahili hutaja nafsi ndani ya kitenzi bila kujali jinsia. Kimongolia chaweza kuviacha vyote viwili.

Kwa ndugu wa wazazi hasara ni ya namna nyingine. "Nagats akh" ni mjomba, na "avga akh" ni ndugu wa kiume wa baba, lakini kwa Kiingereza wote huwa 'uncle'. Waume wa mtu na nduguye huitana "baz". Kiswahili kina "mwanyumba". Kiingereza huhitaji sentensi nzima.

Tena "akh" huitwa hata dereva asiyejulikana, kama "kaka" mitaani kwetu, na aliye mkubwa huambiwa "ta", si "chi", hata akiwa mzazi. Anayeandika 'brother' kila mara humfanya msemaji aonekane kama mhubiri. Ni afadhali kuliacha neno hilo na kuitafuta heshima hiyo katika upole wa sentensi.

Lakini katika hati za hospitali au za uhamiaji neno haliachwi. Mfasiri akikisia 'brother', na vyeti vikaonyesha baadaye kwamba mgonjwa ni binamu wa kike, mwenye ujumbe huonekana mwongo, ilhali aliandika neno sahihi la lugha yake. Njia ya haki ni kumwuliza mwandishi. Asipopatikana, na iandikwe "mdogo wa kiume au wa kike, huenda binamu", ijapokuwa sentensi itakuwa nzito, na neno "düü" libaki kando yake kwa herufi zake.