Mchele wa Mwea: Kina mathe wanauza, mabuda ndio wanaomoka. Hii ndio sababu

Kama umewahi kupita Wang'uru ukielekea Embu, hiyo picha unaijua. Gari haijasimama vizuri na tayari dirisha limejaa mikono na mifuko ya pishori. "Customer, chukua kilo mbili, hii ni ile yenyewe!" Sasa cheki walioshika hiyo mifuko. Wengi ni kina mathe na mamanzi, wako kwa jua tangu asubuhi.

Halafu ingia nyuma kidogo, pale mashine za kukoboa zinanguruma. Uliza nani mwenye mashine, nani mwenye lori, nani mwenye ile stoo imejaa magunia mpaka kwa paa. Mara nyingi utaelekezwa kwa buda fulani. Wanawake wako hapo pia, lakini wanaanika mpunga kwa turubai, wanapepeta, wanachambua mawe, na wanalipwa kibarua cha siku.

Mbona iko hivyo? Wengine watakuambia eti wanawake hawana roho ya biashara kubwa. Hiyo ni porojo. Mtu anayekimbiza matatu na kilo kumi kwa mkono anaijua biashara kukuliko. Shida imeanzia kwa karatasi.

Rudi miaka ya 1950. Skimu ya Mwea ilichimbwa wakati wa hali ya hatari, na mifereji mingi ilichimbwa na wafungwa wa mkoloni. Familia zilizowekwa hapo zilipewa ekari nne nne za mpunga. Hawakupewa title, walipewa leseni ya kulima, na leseni iliandikwa jina la mzee wa boma. Bodi ya kitaifa ya unyunyizaji ilipochukua usukani mwaka wa 1966, mambo yakaendelea vile vile: bodi inachukua mpunga, inakoboa, inauza, na malipo yanaenda kwa mwenye leseni.

Mwaka wa 1973 Jane Hanger na Jon Moris walichapisha utafiti wao kuhusu familia za Mwea, na manze, ukisoma utadhani ni story ya juzi. Mama alipalilia na kuvuna shamba la mpunga, doo ikaingia kwa mzee, na bado yeye ndiye alitarajiwa kutafuta chakula cha nyumba na kuni, kwa skimu ambayo haikuacha nafasi kubwa ya mahindi na maharagwe.

Halafu 1998 wakulima wakachoka na bodi, wakaanza kujiuzia mchele wao. Hapo ndipo mashine za watu binafsi zilianza kumea kila kona ya Wang'uru, na soko la barabarani likachangamka. Poa sana. Lakini uliza: nani angenunua mashine? Mashine inataka mtaji, mtaji unatoka benki, na benki inataka dhamana. Dhamana ni shamba, na shamba liko kwa jina la nani? Umeelewa.

Sasa tupige hesabu kidogo, ndio uone penye pesa imelala. Gunia la kilo 100 la mpunga likikobolewa vizuri linakupa kama kilo 60 hadi 65 za mchele. Pumba nayo ina wateja, inakuwa chakula cha mifugo. Tuseme mathe wa barabarani anauza kilo 20 kwa siku, na kila kilo inamwachia shilingi 10. Hiyo ni 200 bob, na bado hajakula lunch. Tuseme pia buda mwenye stoo ameweka tani 10 za mchele wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, akangoja mpaka ikapanda shilingi 20 tu kwa kilo. Amepata 200,000 akiwa ameketi. Mathe angehitaji siku 1,000 kuifikia.

Hapo ndipo tofauti iko: kungoja. Mwenye karo ya shule wiki hii hawezi kungoja. Anauza leo kwa bei ya leo, na broka anajua hivyo.

Na usidhani ni Mwea pekee. Kule Java, Indonesia, wanawake wengi walikuwa wanalipwa kutwanga mpunga kwa mkono. Miaka ya 1970 mashine zikaenea na hicho kibarua kikakauka. Kazi ikiwa ngumu ni ya akina mama, ikipata injini inahamia kwa mwenye mtaji.

Kuna njia za kutoka? Ziko, ingawa si zote zina nguvu sawa. Hustler Fund ilianza 2022 na mkopo wa mtu binafsi kati ya shilingi 500 na 50,000. Hiyo inanunua magunia machache, mashine hainunui. Katiba ya 2010 inakataa ubaguzi wa kijinsia kwa mambo ya ardhi, lakini Katiba haiendi kubadilisha jina kwa leseni ya babu yako.

Kwa maoni yangu, zile zenye maana ni mbili zisizoongelewa sana. Sheria ya 2017 inaruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana ya mkopo, kwa hivyo si lazima uwe na shamba. Halafu sheria ya 2019 ya stakabadhi za ghala: unapeleka mazao kwa ghala lililosajiliwa, unapewa risiti, na kwa hiyo risiti unaweza kuomba mkopo ukingoja bei ipande. Yaani kungoja, ile silaha ya buda, sasa ina mlango mwingine.

Lakini ghala linataka mzigo wa maana, uliokauka vizuri na kupimwa. Mathe wa kilo 20 hafiki hapo akiwa solo. Chama cha watu 15 kikinunua mpunga pamoja wakati wa mavuno kinaweza kufika, na hiyo risiti itatoka na jina la chama.