Kupiga Mandolini kwa Pamoja

Mandolini ni chombo kidogo cha nyuzi, na asili yake ni nchi ya Italia. Ni jamaa ya lute, chombo cha Ulaya ya zamani, na lute yenyewe ilitokana na udi wa Waarabu, ule ule upigwao katika taarab Unguja na Mombasa. Mandolini ijulikanayo sana ilianza kutengenezwa katika mji wa Napoli katika karne ya 18, na mgongo wake umeviringana kama nusu ya kibuyu. Mwaka 1898 Mmarekani mmoja aitwaye Orville Gibson, wa mji wa Kalamazoo, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mandolini ya namna nyingine, ambayo mbao zake zilichongwa kama zile za fidla.

Nyuzi za mandolini ni 8, nazo hupangwa mbili mbili. Kila jozi hulinganishwa kwa sauti moja, hata zote pamoja huwa sauti 4, sawasawa na zile za fidla. Mpigaji hushika kibamba kidogo kigumu kwa vidole vyake, akazipiga nyuzi kwacho. Sauti yake huanza ghafula na kufifia upesi. Basi akitaka sauti irefuke, hupiga chini na juu upesi upesi bila kukoma, na mtindo huo huitwa tremolo.

Mtu aweza kupiga mandolini peke yake, lakini tangu mwisho wa karne ya 19 watu wengi wa Ulaya na Marekani wamependa kuipiga kwa makundi. Katika mji wa Milwaukee kundi la namna hii lilianzishwa mwaka 1900. Kundi hugawanyika kama waimbaji wa kanisani. Mandolini za kwanza hushika tuni. Mandolini za pili huifuata kwa sauti ya chini yake. Mandola, ambayo ni kubwa kidogo, hushika sauti ya kati. Na mandoselo, iliyo kubwa zaidi, hushuka chini kabisa. Tena magitaa huwasaidia wote kushika mwendo.

Huko Marekani wapendao chombo hiki huwa na desturi ya kukutana kambini toka Ijumaa jioni hata Jumapili. Wengi wao ni watu wa kazi nyingine, ambao hujifunza nyumbani usiku, kila mtu peke yake. Hugawanywa kwa kadiri ya ujuzi wao, na wanafunzi wapya hupewa sehemu zenye noti chache. Kwanza kila sauti hufundishwa mbali, kisha zote hukusanywa. Siku ni chache, na Jumapili yawapasa kupiga mbele ya wenzao.

Hapo ndipo shida huonekana. Kazi ya kwanza ni kulinganisha nyuzi. Watu 20 wana nyuzi 160, na uzi mmoja tu uliolegea huichachusha sauti ya jozi yake. Kwa hiyo mtu mwenye adabu hukaza nyuzi zake kabla ya mafundisho kuanza, asiwakawize wenzake.

Kazi ya pili ni kupiga kwa wakati mmoja. Waimbaji wakipitana kidogo, huenda kosa lisisikike, maana sauti ya mwanadamu huingia polepole. Mandolini haifichi neno. Watu 20 wasipoanza pamoja, husikika kama mahindi yaliyomwagwa juu ya bati. Basi kila mtu humtazama kiongozi, na moyoni mwake huhesabu hata wakati anyamazapo. Maana mwenye kunyamaza bila kuhesabu hawezi kujua wakati wa kuingia tena.

Kazi ya tatu ni ngumu kuliko zote kwa mtu aliyezoea kupiga peke yake. Nyumbani, akikosea, husimama akarudia. Katika kundi hawezi, kwa kuwa tuni ni kama gari la moshi: halirudi nyuma kumchukua aliyechelewa. Imempasa aliache kosa lake, asikilize wenzake wamefika wapi, kisha aingie nao mahali hapo. Akisimama kusikitika, atapoteza na noti zinazokuja.

Kuna na makundi yasiyotumia karatasi. Bill Monroe, mtu wa Kentucky aliyezaliwa mwaka 1911, alifanya mandolini kuwa chombo kikuu katika muziki uitwao bluegrass. Wapigaji wa muziki huo huketi kwa duara, na kila mmoja hupewa zamu ya kuongoza tuni. Asiye na zamu hupunguza sauti, akazipiga nyuzi kwa kuzikata fupi fupi, na mandolini yake hutumika mahali pa ngoma. Kama hamsikii mwenye zamu, ajua kwamba yeye mwenyewe anapiga kwa nguvu kupita kiasi.

Wako watu wasiopenda kushika sauti ya pili au mandola, kwa sababu wasikilizaji hurudi kwao wakiimba tuni, wala hakuna aimbaye sehemu ya kati. Lakini kiongozi akiwaambia wapigaji wa kati wanyamaze kidogo, mara tuni huwa nyembamba kama mtu aliyetoka ugonjwani, na hata wa mandolini za kwanza hugeuka kutazama kuna nini. Ndipo watu hujua kazi ya wale wasiosifiwa. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa; na katika kundi la mandolini hakuna kidole kilicho bure, hata kile kinachongoja tu zamu yake.