Halali pekee haitoshi: sahani zetu na kinga ya mwili

Pitieni Mbagala au Manzese baada ya swala ya Isha, mtaona meza za chipsi zimezungukwa na watoto wetu. Kuku amechinjwa kwa mujibu wa sheria, na mzazi analipa akiwa na moyo mtulivu. Lakini Mwenyezi Mungu (SW) ametutaka tule kilicho halali na pia kilicho kizuri, twayyib. Sharti hili la pili ndilo tunalolisahau.

Ndani ya utumbo mpana wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni majirani wema. Nyuzinyuzi za kunde, mchicha na dona, ambazo miili yetu haiwezi kuzisaga, wao huzila na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Asidi hizo pia huwatuliza askari wa kinga, ambao sehemu kubwa yao wamepiga kambi katika ukuta huo huo. Nyuzinyuzi zikikosekana, ukuta hudhoofika, na askari huanza kurusha mishale pasipo na adui.

Athari ya kubadili chakula imepimwa hapa hapa nchini. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa wataalamu wa KCMC ya Moshi na wenzao wa Uholanzi, uliohusisha wanaume 77 wenye afya mkoani Kilimanjaro. Waliozoea mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa walilishwa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili tu. Damu yao ikaonesha dalili za mwili kuwaka ndani kwa ndani, na seli za kinga zikapungukiwa na uwezo wa kupambana na vijidudu. Wengine, waliozoea vyakula vya kizungu, walipohamishiwa chakula cha asili walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalidumu hata wiki nne baadaye. Kundi la tatu lilipewa mbege. Hiyo kwetu haina nafasi, lakini maziwa mgando tunayo, na togwa pia, ikinywewa mapema kabla haijafikia kulevya.

Wazazi wenzetu, miili ya watoto ni amana. Maharage yapo soko la Tandale, na mboga zipo Temeke Sterio. Tuanze na mlo mmoja: kesho sembe ipishe dona, na mtoto azikute kunde sahanini kabla hajaomba pesa ya chipsi.