Masomo ya ufundi: inje ya lupango kuko watu wenye akili

Wazee wetu wanakumbuka. Wakati wa Union Minière, kisha wakati wa Gécamines, mtoto wa mtumishi alisoma mu masomo ya kampani, na vijana wengi walifundishwa kazi kule kule: umeme, mekanike, kuchonga vyuma. Mwaka wa 2003, watumishi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines kwa mpango wa «départs volontaires». Mshahara ulikwisha, na kwa jamaa nyingi njia ya kufundisha watoto ilikatika vilevile.

Kampani zingine zimekuja, lakini lupango imebaki. Ndani kuko fundi mwenye karatasi. Inje kuko creuseur, mama anayesafisha mawe mtoni, kijana aliyeacha masomo, mlemavu ambaye hakuna anayemwita kazini. Haiko kusema hawa hawana akili. Creuseur anajua kufuata shaba chini ya udongo. Kinachomkosa ni cheti, na mazoezi juu ya mashini yenyewe.

Kwa hiyo tunakataa ile mazungumzo ya kwamba ufundi ni masomo ya walioshindwa. INPP, chuo cha Serikali kilichoanza mwaka wa 1964, kiko Lubumbashi na Kolwezi pia. Wasalesiani walifika Lubumbashi mwaka wa 1911, na mpaka leo wanafundisha vijana ufundi, hata wale wa barabarani.

Shida iko hapa: creuseur akishinda darasani siku nzima, jioni nyumbani hakuna bukari. Mama naye, nani atamchungia mtoto? Masomo yanayotaka kuingiza kila mtu yafuate maisha ya watu: saa za mchana ao jioni, mahali karibu, na mwishoni sanduku ya vyombo pamoja na cheti. Fundi wa soudure asiye na posti atarudi mu shimo.

Franga zitatoka wapi? Code minier, vile ilibadilishwa mwaka wa 2018, inaomba kila kampani yenye kuchimba itoe angalau 0,3% ya mapato ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Inaomba pia cahier des charges, ni kusema mapatano kati ya kampani na wenyeji. Mara nyingi tunaomba kisima, barabara, majengo. Ni vizuri. Lakini tuombe pia nafasi za kujifunza: ngapi za wasichana, ngapi za walemavu, ngapi za creuseurs, na stage ndani ya kampani kisha masomo. Hesabu iandikwe, ndipo tutaweza kuifuata.

Wandugu, shefu akiita mkutano, wamama na vijana wasibaki nyumbani. Tuombe kuona cahier des charges ile, na tuulize mbele ya wote: masomo ya ufundi iko ku ukurasa gani?